Mijusi Weupe wa Mzee Wafula

Nekesa, binti wa Mzee Wafula, alinipigia simu nikitoka kanisani, akaniambia baba yake amepumzika. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anapanga viti. Jioni ileile nilifika Kawangware, nikakuta hema limefungwa uani na watu wa kwao kutoka Magharibi wamekaa vikundi vikundi, wengine wakibishana kuhusu gari la kusafirisha mwili, wengine wakinywa chai kimya. Mwanamume mmoja wa kamati ya mazishi aliniuliza marehemu nilimjuaje. Nikamwambia nilimfanyia kazi mwaka mmoja nilipokuwa msichana. "Kazi ya nyumba?" akauliza. "Hapana. Tulikuwa tunazalisha mijusi." Akacheka akidhani namtania, kisha akanitazama usoni, akanisogezea kiti. Nilikaa nikiangalia mlango wa chumba cha nyuma. Siku hizi kuna mpangaji mle, ametundika pazia la maua na redio yake inaimba injili. Nani angejua kwamba kile kilikuwa chumba chenye joto na utulivu kuliko vyote nilivyowahi kuingia Nairobi, na kwamba mle ndani nilijifunza jambo ambalo hadi leo, na mvi zangu, bado naligeuzageuza kichwani?

Wakati huo nilikuwa nakaa Kianda, mtaa wa mabanda, na dadangu Ndunge na mumewe Musyoka, fundi wa mjengo. Tulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa na shuka ya buluu: upande wa ndani kitanda chao, upande wa mlangoni godoro langu, jiko la mafuta ya taa na mitungi ya maji. Ukuta wa mabati ulitutenga na jirani yetu Mama Brayo, lakini ulitenga macho tu, haukutenga masikio. Tulijua wanakula nini, nao walijua tunagombana kuhusu nini. Ndunge alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza iliyodumu, na Musyoka alikuwa amegeuka mtu wa kupika. Akitoka kazini na simiti kwenye nyusi, alikuwa akikaa kwenye kigoda na kuchambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, punje baada ya punje, kwa sababu mkewe alisema ndicho chakula pekee kisichomrudi kooni. Nakumbuka nikimtazama na kuwaza kwamba nikiolewa nataka mwanamume wa namna hiyo. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye alinitendea vibaya, na sitaki msomaji amhukumu kabla hajamwona akichambua muthokoi.

Kazi niliipata kwa Mama Nekesa, aliyekuwa muumini wa kanisa letu. Alisema mume wake anatafuta msichana mwenye mikono mitulivu, "asiyeruka akiona mdudu." Mzee Wafula alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kutunza nyoka, vinyonga na kobe mahali ambapo watalii na watoto wa shule huenda kuwatazama. Alipostaafu alichukua leseni ya idara ya wanyamapori, akaanza kuzalisha aina moja tu ya mjusi: wale wa mchangani wanaopatikana sehemu kavu kama kwetu Kitui, wenye mkia mnene na kope za macho. Mjusi wa ukutani hana kope, hawezi kufumba macho. Hawa walifumba na kufumbua taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Aliwauza kwa wanaoonyesha wanyama na wanaowasomea, na kila mwaka afisa alikuja kuwahesabu na kuangalia wanavyoishi. Nilipowaambia nyumbani, Musyoka aliweka kijiko chini. "Kuna kazi ya kufua nguo," akasema, "kuna kazi ya kuuza mboga Silanga, hata kuna kazi ya kubeba mawe. Wewe umechagua mijusi?" Kwao mjusi akikuangukia begani ni mkosi, mtu huoga kabla hajala. Ndunge alicheka tu, akaniambia ninawe kabla ya kushika sufuria.

Nilitembea kila asubuhi, kupitia Olympic, kuvuka Barabara ya Ngong, hadi Kawangware. Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu tatu za mbao, na juu ya rafu visanduku vya kioo vyenye mchanga, vipande vya vigae vya kujifichia, na taa ndogo za kuleta joto. Pembeni kulikuwa na ndoo za nyenje tuliowalisha pumba na karoti, na kabla ya kuwapa mijusi tuliwapaka nyenje hao unga mweupe wa kalsiamu kutoka duka la dawa za mifugo, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kukaanga. "Huyu mama anatoa mifupa yake kujenga mayai," Mzee aliniambia siku ya kwanza. "Usipomrudishia, atazaa watoto wa mpira." Mayai yalikuwa mawili mawili, laini, yenye ngozi. Aliyachukua kwa kijiko cha chai, akayatia alama juu kwa penseli kabla hata hajapumua. "Hivi lilivyolala ndivyo litakavyolala mpaka mwisho. Ukiligeuza, mtoto anazama." Alikuwa na sauti ndogo kwa mtu mkubwa hivyo. Saa nne Mama Nekesa alituletea chai na viazi vitamu, na Mzee alikula amesimama mlangoni, mgongo kwetu, kwa sababu hakutaka makombo chumbani. Nilipenda mahali pale. Nilikotoka kila kitu kilikuwa kelele, na pale kiumbe chenye sauti kubwa kuliko vyote kilitoa mlio kama maji yanayochemka mbali.

Katika visanduku vile kulikuwa na mijusi weupe. Si weupe kama karatasi, bali kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na macho yao yalikuwa na rangi ya zabibu kavu. Wote walitoka kwa jike mmoja mweupe, aliyezaa watoto wa rangi ya kawaida, na ili weupe urudi, Mzee alikuwa amemwozesha mwanawe mwenyewe, kisha watoto wao wao kwa wao. Ndivyo wanavyofanya wafugaji wengi, aliniambia, na hakuona vibaya. Mwaka ule wakala mmoja wa mjini alikuwa amempatia mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka weupe wote watakaopatikana. Mama Nekesa alianza kuzungumza kuhusu kujenga vyumba vya mawe pale uani. Aliacha hata kukaanga mandazi ya kuuza. Nilimsikia akimwambia mumewe jikoni, "Mungu amekumbuka uzee wetu kupitia kitu ambacho watu wanakitemea mate." Mzee akajibu, "Ngoja kwanza watoke."

Wakatoka. Wa kwanza alikuwa na mkia uliojikunja kama ndoano. Wa pili alikuwa na jicho moja; upande wa pili ngozi ilikuwa imepita juu moja kwa moja, kana kwamba jicho halikuwahi kufikiriwa. Mwingine taya la chini lilienda kushoto na la juu kulia, na nilipompa nyenje mdogo alimrukia kwa njaa yote ya kiumbe mchanga, akamkosa, akamkosa tena, kisha akakaa akinitazama. Niliita, "Mzee!" Akaja, akawatazama kwa muda, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa chafu. Wale walioweza kula aliwatengea kisanduku chao, akaandika nje kwa chaki: HAWAUZWI. Wale wasioweza kabisa alijaribu kuwalisha mwenyewe kwa bomba la sindano. Walipozidi kudhoofika aliwapa dawa aliyoletewa na daktari wa mifugo, wakalala wasiamke. Alifanya hivyo yeye mwenyewe, mlango umefungwa. Alipotoka alinawa mikono na kwenda kukaa peke yake karibu na tanki la maji, na siku hiyo hakula.

Miezi iliyofuata tulitafuta sababu. Kwanza alishuku joto, akabadilisha taa na kununua kipimajoto kingine. Mayai ya weupe na mayai ya wale wa kahawia tuliyaweka katika kisanduku kimoja, kijiko kwa kijiko, ili yapate joto lilelile. Wa kahawia wakatoka wamenyooka, weupe wakatoka wamepinda. Kisha akashuku chakula, akaongeza kalsiamu na kuwaweka majike kwenye jua la asubuhi. Wakapinda vilevile. Kila jibu lilituchukua muda wa yai kuanguliwa, na katika kusubiri huko nilimwona akikonda. Mwisho akamchukua dume mweupe na kumpa jike wa kahawia asiye wa ukoo wao, aliyeletwa kwa kibali kutoka upande wa Kitui. Hapo ndipo tukasubiri kwelikweli.

Nasi tukiwa katika kusubiri huko, Ndunge akajifungua. Musyoka alikuja kuniita kwa jirani niliyekuwa nikimsaidia kufua, na uso wake ulinifanya nidhani mtoto amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa mvulana mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai haki, akaitwa Kyalo. Lakini nyayo zake zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani na juu, zikitazamana, kama viganja vya mtu anayeomba. Pale alipozaliwa, kwa mkunga mmoja wa mtaani, waliambiwa wamkande kwa mafuta ya moto na kuomba. Nilimpokea, nikafunua kanga, na mikono yangu ikafanya ilichozoea kufanya: ikagusa kisigino polepole, ikapima mfupa uko wapi. Ndunge aliniona. Akanipokonya mtoto, akamfunika.

Hayo nisingeyasimulia kama si kwa sababu ya yale niliyosikia kesho yake asubuhi, nikichota maji, Mama Brayo akizungumza na mwanamke mwingine upande wa pili wa mabati. "Si unajua huyo msichana hushika mijusi? Anatoka huko na mikono hiyohiyo anampikia mama mjamzito." Yule mwingine akasema, "Na huko nimeskia wanazaa wenye wamepinda." Nilishangaa walijuaje, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilimsimulia Ndunge, jioni nyingi, nikichochea uji wake. Ukuta ulikuwa umesikia. Siku chache baadaye Musyoka alinisubiri mlangoni, begi langu likiwa limefungwa vizuri, nguo zimekunjwa. Hakupaza sauti. "Mutheu, mimi sikuchukii," akasema. "Lakini sina mahali pengine pa kuweka hii kitu. Nenda ukae na mijusi yako." Nilimtazama dadangu. Alikuwa kitandani nyuma ya shuka, nikaona miguu yake tu. Haikusogea.

Mama Nekesa alinipa nafasi jikoni kwake, nikalala kati ya magunia ya makaa na mahindi. Hakuuliza maswali mengi. Alisonga ugali, akapika mboga ya mrenda, akaniambia, "Kula, kilio kinataka nguvu." Nililia, nikafanya kazi. Jambo lililonitesa si kufukuzwa. Lililonitesa ni kwamba sikuwa na uhakika Musyoka amekosea. Nani alijua? Mimi ndiye niliyekuwa nimeona viungo vilivyopinda kila siku, kisha nikaenda nyumbani nikavikuta. Nilianza kunawa mikono hadi ngozi ikapasuka.

Kisha mayai ya jike wa kahawia yakaanguliwa. Wakatoka wa kahawia wote, wamenyooka kama penseli, wenye macho mawili mawili, wakaanza kuwinda siku zilezile. Na wiki hiyohiyo jike mweupe na mwanawe wakatoa wawili waliopinda tena. Mzee aliviweka visanduku viwili kando kwa kando juu ya meza, akaniita, akamwita na mkewe. "Si taa," alisema. "Si chakula. Ni damu imekaribiana mno. Huyu mjusi hakujichagulia mtoto wake mwenyewe kuwa mume. Nilimchagulia mimi, kwa sababu nilipenda rangi." Mama Nekesa akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale weupe walionyooka? Si hao unaweza kuuza?" Akatikisa kichwa. "Hao wamenyooka nje. Ndani wamebeba. Atakayewanunua atawazalisha, na mambo haya yatamtokea mezani kwake, naye hatajua kwa nini."

Wakala alikuja na viatu vyake safi, akakaa uani akanywa soda. "Mzee, skiza," alisema, "hakuna mtu ataangalia mkia. Chagua zile poa, ingine tupa. Hii biashara ni hivyo." Mzee Wafula akamwambia hakuna mweupe hata mmoja atakayetoka pale. Wakala alicheka, akabembeleza, akakasirika, akaondoka. Mama Nekesa alisimama, akaingia jikoni, na nikasikia akishusha karai la mandazi kutoka juu ya kabati na kuanza kulisugua kutu. Kesho yake alirudi barabarani na jiko lake. Vyumba vya mawe havikujengwa maisha yao yote. Mzee aliwatenga weupe, madume mbali na majike, akawalisha mpaka walipokufa kwa uzee wao.

Ndunge alikuja siku ya mvua, Kyalo amefungwa mgongoni, bila kutangaza. Hakuwahi kufika pale. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, maji yakimtiririka, akatazama rafu. Nilikuwa namlisha yule wa taya lililopinda. Nilikuwa nimegundua kwamba nikimshikia nyenje kwa kibano upande wa kulia aliweza kumdaka. Dadangu alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Wakizaliwa hivyo, huwa mnawafanya nini?" Nilijua anauliza nini. Ningeweza kumdanganya. "Wenye wanaweza kula, tunawalisha," nikasema. "Wenye hawawezi kabisa, Mzee anawalaza." Akavuta pumzi. "Na ni nani huwafanya wapinde?" Nikamwambia yote: taa, kalsiamu, jike wa Kitui, mama kuozwa kwa mwanawe. Nikamwambia, "Hapa kuna mtu alikosea, na amekubali. Lakini wewe na Musyoka si ndugu, Ndunge. Wewe ni wa Kitui, yeye ni wa Machakos. Na mijusi haijawahi kukugusa. Mimi nimetafuta kosa lako usiku na mchana, sijaliona. Nimetafuta langu pia." Hapo ndipo nilipojisikia nikisema jambo ambalo sikujua nimekwisha kuliamini.

Alikaa kwenye ndoo ya nyenje iliyofunikwa, akalia, na mtoto naye akalia kumsaidia. Mama Nekesa aliingia na taulo. Akamfungua Kyalo, akazitazama nyayo zake bila kushtuka. "Huyu? Huyu si wa mafuta ya moto," akasema. "Kuna mwalimu wa watoto pale kanisani, wa Soweto West. Msichana wake alikuwa hivi hivi. Walimfunga plasta akiwa mchanga, sasa anaruka kamba hadi anachosha watu. Twende kesho, mfupa ukiwa bado mlaini." Nakumbuka mambo mengi yaliyosemwa mwaka ule kuhusu mikosi, lakini sikumbuki sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Tukaenda wanawake watatu na mtoto. Kliniki ilikuwa na benchi refu na akina mama wenye watoto wa miguu kama ya Kyalo, wengi kuliko nilivyodhani wapo duniani. Mhudumu alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, aliyezungusha nyayo zile kwa vidole viwili. Ndunge akamuuliza, macho chini, "Inaweza kuwa ni mijusi?" "Mijusi gani?" yule mama akashangaa. Ndunge akashindwa kueleza. Mhudumu akamshika mkono. "Mama Kyalo, hii mara nyingi hatujui inatoka wapi. Lakini haitoki kwa kitu ulikula, ama kitu uliangalia, ama mtu mwenye alikupikia. Hukukosa." Dadangu aligeuka akanitazama.

Nimezeeka na swali hili. Kwa Mzee Wafula kulikuwa na mkosaji, na uungwana wake ulikuwa kukubali kwamba ni yeye na kusimamisha mambo pale, hata kwa gharama ya uzee wake. Kianda hapakuwa na mkosaji, na ukatili wote ulitoka katika kumtafuta. Kwa macho, kiungo kilichopinda ni kiungo kilichopinda. Mtu lazima achimbe kwa subira, yai kwa yai, kabla hajanyoosha kidole, na mara nyingine akishachimba akubali kwamba kidole hakina pa kwenda. Watu wengi niliowajua tangu hapo hawawezi kuvumilia hilo. Afadhali kwao mkosaji wa uongo kuliko kukosa mkosaji.

Plasta ilibadilishwa kila wiki, na Musyoka alikuja kliniki wiki ya tatu, baada ya kukaa nje ya jambo hilo kwa ukaidi. Alisimama ukutani na kofia mkononi. Msaidizi wa yule mhudumu hakuja siku hiyo, basi mhudumu akamwambia, "Baba, njoo ushike goti hapa." Musyoka akashika. Plasta ilipolowekwa na kuanza kuzungushwa, niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa amefanya dari za jasi, unga uleule wa plasta, nusu ya maisha yake. "Usiachilie," akamwambia mhudumu kwa sauti ya fundi kwa fundi. "Bado haijashika. Sasa. Sasa imeshika." Tangu siku hiyo hakukosa. Alitoka mjengo mapema na kumbeba mtoto mwenyewe, miguu miwili mizito myeupe ikining'inia kifuani pake. Mimi nilikuwa bado nalala jikoni kwa Mama Nekesa. Hatukuwa tumezungumza, yeye na mimi, zaidi ya "habari" na "nzuri."

Plasta ya mwisho ilitolewa asubuhi yenye jua. Bado kungekuwa na viatu vilivyounganishwa kwa chuma katikati, miaka ya kuvivaa akilala, lakini nyayo zilikuwa zimetazama mbele. Tulirudi Kianda wote, mara yangu ya kwanza kuvuka mlango ule tangu nifukuzwe. Ndunge alikuwa ameniambia nije na begi langu, nami nikaliacha mlangoni. Ndunge aliweka beseni sakafuni, akaanza kumwosha Kyalo, na ngozi ya miguu iliyofungwa majuma mengi ikaanza kubanduka, vipande vyembamba, vyeupe, vikielea juu ya maji. Ndunge akashtuka. "Mbona anachubuka hivi? Baba Kyalo, ebu ona." Musyoka akachuchumaa, akachukua kipande kimoja kwa ncha ya kidole, akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Akaninyooshea. "Mutheu," akasema, "na hao mijusi wako, si hutoka ngozi namna hii?"

"Hutoka," nikamwambia. "Ndivyo wanavyokua."

Akaitikia kwa kichwa polepole, bado amechuchumaa. Kisha akanyanyuka, akachukua begi langu lililokuwa mlangoni, akalipeleka upande wa godoro na kulitundika kwenye msumari.